Kinder Scout kwa mzunguko wa siku moja, mwezi Machi: kutoka stesheni ya Edale na kurudi

Kinder Scout ina urefu wa mita 636 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini pako juu kuliko hapo, na Nairobi iko juu karibu mara tatu. Ndiyo sababu wenzetu wengi wanaoishi Manchester, Sheffield au Leeds wakitajiwa mlima huu hucheka, wakavaa raba na jinzi, wakapanda treni. Jioni wanarudi wameloa chapachapa, meno yakigongana, wakiapa kwamba nchi hii haina machipuko. Machipuko yapo. Ila mwezi Machi yanaishia bondeni. Huko juu bado ni kipupwe. Anayepanga safari kwa kutazama hali ya hewa ya stesheni ameshakosea kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Njia ninayoieleza hapa inaanzia na kuishia stesheni ya treni ya Edale, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, ambayo ilianzishwa mwaka 1951 na ndiyo ya kwanza nchini humo. Ni kilomita 14 hivi, na ukijumlisha miinuko yote unapanda kama mita 500. Inamfaa mtu mzima mwenye afya anayeweza kutembea saa tano au sita. Watoto wakubwa waliozoea kutembea wanaiweza pia. Mgeni aliyeshuka juzi kutoka Dar mpe muda azoee baridi kwanza, la sivyo atakuchukia.

Jambo moja litawashangaza waliowahi kupanda milima ya nyumbani. Kilimanjaro hugusi bila kiingilio, kiongozi na wapagazi. Hapa hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Haikuwa hivyo tangu zamani. Hadi miaka ya 1930 uwanda wote wa juu ulikuwa mali ya matajiri waliofuga ndege wa kuwinda, na walinzi wao waliwafukuza watembeaji kwa fimbo. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda kwa makusudi kutokea kijiji cha Hayfield, upande wa pili wa mlima. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Sita walikamatwa, watano wakafungwa jela. Sheria iliyompa kila mtu haki ya kutembea kwenye nyika kama hii ilikuja kupitishwa mwaka 2000.

Kwa hiyo uhuru upo, na uhuru huo una bei yake: kwa kuwa hakuna anayeandika jina lako ukiingia, hakuna atakayejua kwamba hukutoka. Kabla ya kuondoka nyumbani mtumie mtu ujumbe wenye mambo matatu: njia unayopita, treni unayotarajia kurudi nayo, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu. Mtu huyo awe anayeshika simu yake jioni, si shemeji anayelala saa mbili usiku.

Hatua ya kwanza: chagua siku, usichague Jumamosi tu

Utabiri wa kawaida kwenye simu unakupa hali ya hewa ya mjini. Wewe unataka utabiri wa milimani. Huduma ya Mountain Weather Information Service na idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, zote hutoa utabiri wa Peak District bure kila siku. Usome usiku wa kuamkia safari na uusome tena asubuhi.

Tazama upepo kwanza. Watu hutazama mvua, lakini mvua ina koti lake. Upepo ndio unaomaliza watu. Kila ukipanda mita 150, joto hupungua kwa karibu nyuzi 1, hivyo kutoka stesheni hadi kileleni unapoteza kama nyuzi 3 tu. Si nyingi. Lakini chukua siku ya Machi yenye nyuzi 7 bondeni: juu zinabaki 4, na upepo wa kilomita 50 kwa saa ukizigusa nyuzi hizo 4, ngozi inahisi kama hasi 3. Hapo mkono uliovuliwa glavu kwa ajili ya picha hauchukui muda kukataa kufunga zipu. Kipimo changu ni hiki: upepo wa juu ukitajwa kuvuka kilomita 65 kwa saa, ninabaki bondeni au ninaahirisha.

Kisha tazama urefu wa mawingu. Utabiri wa milimani husema mawingu yataanzia mita ngapi. Yakianzia mita 500, nusu ya safari yako itakuwa ndani ya ukungu. Mwisho tazama kiwango cha kuganda, yaani urefu ambao kuanzia hapo maji huganda. Kikiwa chini ya mita 600, tarajia barafu kwenye mawe, hasa asubuhi na mahali pasipofikiwa na jua. Theluji mwezi Machi ni jambo la kawaida, na mara nyingine Aprili pia.

Hatua ya pili: piga hesabu ya saa

Mwanzoni mwa Machi jua huku linazama kama saa kumi na moja na dakika 50 jioni. Katikati ya mwezi ni saa kumi na mbili na dakika 10 hivi. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, na ghafla unapata jioni ndefu. Kabla ya Jumapili hiyo, mwanga ni mali ya kuhesabiwa.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia hii, kilomita 14 ni saa mbili na dakika 48, mita 500 ni dakika 50, jumla saa tatu na dakika 38. Lakini Naismith hakuhesabu tope la Machi, wala chai, wala rafiki yako anayesimama kila dakika kufunga kamba za viatu. Ongeza nusu. Unapata saa tano na nusu.

Ukianza kutembea saa tatu na nusu asubuhi, umerudi saa tisa alasiri na bado una akiba ya saa kama tatu za mwanga. Akiba hiyo usiile kwa kuchelewa kuanza. Na angalizo kwa wanaosoma ratiba haraka haraka: treni zimeandikwa kwa saa za Kizungu, 15:30 ni saa tisa na nusu. Treni za njia ya Hope Valley hazipiti kila baada ya dakika kumi kama za mjini. Ukikosa moja unaweza kukaa kwenye benchi lenye baridi kwa muda mrefu, kwa hiyo andika saa za treni tatu za kurudi kwenye karatasi. Bondeni Edale mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Hatua ya tatu: mavazi na mkoba

Jinzi iache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki mwilini, inanyonya joto tu, na jinzi iliyolowa ni nzito. Vaa suruali nyepesi ya michezo, au ya kitambaa chochote kinachokauka upesi. Akina mama wanaovaa sketi au buibui wanaweza kuvaa suruali ya joto ndani na gauni lisilozidi kifundo cha mguu. Likiburuza litabeba tope la kilo mbili.

Juu vaa nguo kwa tabaka: fulana isiyo ya pamba, sweta au fulana ya manyoya, kisha koti lisilopitisha maji lenye kofia. Kanuni ni kuanza na baridi kidogo. Ukiondoka stesheni umejisikia joto zuri, kwenye mlima wa kwanza utatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha kileleni. Vua sweta kabla ya kupanda, livae kabla ya kufika juu. Usingoje kuhisi.

Miguuni vaa buti za mlimani zinazofunika kifundo, zilizokwisha kuvaliwa nyumbani mara kadhaa. Soksi za sufu, na jozi nyingine mkobani ndani ya mfuko wa plastiki.

Ndani ya mkoba weka kofia ya sufu, glavu jozi mbili (moja italowa, usibishane nami), suruali ya mvua, sweta la ziada, tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, dira, na ramani ya karatasi. Ramani ni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza: Explorer OL1, Dark Peak. Programu ya ramani kwenye simu ni nzuri sana hadi baridi inapoila betri, na baridi huila haraka. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Chakula: wapandaji wa huku hula mikate baridi yenye jibini na hawaoni tatizo. Sisi tuna njia bora. Mayai ya kuchemsha, tende, karanga na maandazi havidhuriki na baridi. Chapati zinakuwa ngumu, isipokuwa ukizifunga kwa karatasi ya foili zikiwa za moto na kuzizungushia taulo. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai, iwe na sukari kuliko unavyokunywa nyumbani. Maji lita moja na nusu. Kwenye baridi husikii kiu lakini mwili unapoteza maji vilevile.

Anayeswali adhuhuri njiani abebe maji ya vuguvugu kidogo kwa ajili ya kutawadha, maana maji ya vijito vya Machi yanauma mfupa. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, na dira mnayo.

Hatua ya nne: kutoka stesheni hadi Upper Booth

Treni kutoka Manchester hupita kwenye handaki la Cowburn, zaidi ya kilomita tatu za giza, kisha bonde la Edale linakutokea lote kwa mara moja. Kutoka Sheffield ni safari ya nusu saa na kidogo. Ukishuka, tumia choo cha umma kilicho karibu na maegesho ya magari, kwa sababu njiani hakuna kingine.

Fuata barabara ya kijiji kuelekea juu, kaskazini. Pita kanisa, endelea hadi baa ya zamani iitwayo Old Nags Head. Hapo ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 431 inayokwenda hadi Kirk Yetholm, Uskoti. Ilifunguliwa tarehe 24 Aprili 1965, siku ileile ya mwezi ambayo vijana wa 1932 walipanda. Wewe utaifuata kwa saa mbili tu. Tazama kibao upande wa kushoto, magharibi, ingia kwenye kijia chenye miti kando ya kijito, kisha toka kwenye malisho.

Tunazunguka kwa kufuata mwendo wa saa: magharibi kwanza, tupande, kisha turudi mashariki kwa juu. Kuna wanaofanya kinyume, na wana sababu zao. Sababu yangu ni upepo. Huku upepo mwingi unatoka magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo sehemu ndefu ya juu, isiyo na pa kujificha, utaitembea ukiwa na upepo mgongoni. Uso wako utakushukuru.

Malishoni njia ni wazi, sehemu nyingi imetandikwa mabamba ya mawe. Mabamba kama haya kwenye Pennine Way mengi yalitoka kwenye sakafu za viwanda vya nguo vilivyofungwa. Yakiwa na unyevu yanateleza. Yakiwa na sakitu ya asubuhi yanateleza mara mbili. Kanyaga kwa wayo mzima, usitangulize kisigino.

Mageti yaache kama ulivyoyakuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache wazi. Mwezi Machi kondoo wengi wa milimani wana mimba kubwa, wanakaribia kuzaa, na kondoo akikimbizwa anaweza kuharibu mimba. Mzunguke. Kama una mbwa, sheria inasema kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 ukiwa kwenye nyika ya wazi. Kipindi hicho ndege wanaotagia chini huwa wameanza kurudi.

Baada ya kilomita tatu hivi unafika Upper Booth, shamba lenye nyumba chache za mawe. Vuka ua lake kwa kufuata vibao, ingia barabara nyembamba inayokwenda kulia, juu ya bonde, hadi Lee Farm. Huko barabara inageuka kuwa njia ya mawe.

Hatua ya tano: ngazi ya Jacob

Njia inashuka kidogo hadi kwenye daraja dogo la mawe, jembamba, lililopinda mgongo. Lilijengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo waliokuwa wakivuka mlima huu na bidhaa kabla ya barabara za magari. Simama hapa. Kunywa chai, kula nusu ya maandazi, vua sweta, kaza kamba za viatu. Kuanzia hapa unapanda kama mita 150 kwa umbali mfupi.

Ngazi ya mawe inayopanda mbele yako inaitwa Jacob's Ladder. Ukiwa umelelewa kanisani utamkumbuka Yakobo wa Mwanzo, lakini inasimuliwa kwamba jina ni la Jacob Marshall, mkulima na msafirishaji wa karne ya 18 aliyechonga vidato ili yeye apande moja kwa moja huku farasi wake akizunguka kwa njia ndefu isiyo kali. Pennine Way ya mwanzo haikupita hapa. Ilipandia bonde la Grindsbrook, ikahamishiwa huku kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imeumega mlima.

Panda taratibu. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Wanaopanda kwa kasi utawakuta wamekaa kwenye kidato cha thelathini wakijifanya wanatazama mandhari. Na utakaopishana nao wasalimie. Mjini jirani anaweza kukaa mlango wa pili miaka na miaka bila kukuambia hujambo. Mlimani mtu yuleyule atakusalimia, atakupa habari za upepo wa juu, na atakuuliza kama una chakula cha kutosha. Habari hizo ni za thamani. Muulize anayeshuka: huko juu kukoje?

Mwisho wa kupanda, njia inapolainika, ndipo mahali pa kuamua. Mtaita hapa "baraza", mkae dakika tano mjiulize mambo manne. Saa ngapi? Kama imepita saa saba mchana, rudini. Unaona vilima vya mbele au mmeingia kwenye ukungu? Kuna aliyenyamaza ghafla, anayejikwaa, anayetetemeka? Upepo unawasukuma kando mkitembea? Jibu moja likiwa baya, geukeni mshuke kwa ngazi ileile. Hapa kurudi ni rahisi. Mbele, kwa kilomita kadhaa, njia za kushuka ni mabonde makali ya mawe yenye maji, ambayo Machi si ya kujaribia. Mwenye kundi aseme kabla ya safari kwamba neno la aliyechoka zaidi ndilo litakalofuatwa. Likisemwa mapema halimwaibishi mtu.

Hatua ya sita: juu

Kutoka hapo Pennine Way inageuka kulia, kaskazini, ikipanda pole pole hadi Edale Rocks, rundo kubwa la miamba meusi. Kama mita mia tano mbele ni Kinder Low, penye nguzo nyeupe ya wapima ardhi kwa mita 633. Kilele chenyewe cha mita 636 kimejificha mahali fulani kwenye uwanda wa matope nyuma yake, hakina alama ya maana, na hakuna sababu ya kukitafuta. Gusa nguzo, piga picha, rudi.

Tazama chini unapokanyaga. Udongo huu mweusi unaomeza buti ni mabaki ya mimea yaliyolundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa sababu ya maji na baridi. Moshi wa viwanda vya miji ya jirani, moto na mifugo viliua mimea iliyokuwa ikiushikilia, na kwa miongo mingi mlima ukawa unamomonyoka kuelekea kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Utaona vibwawa vidogo vilivyozuiwa kwa mawe, na vishada vya kuvumwani na nyasi vilivyopandwa kwa mkono. Tangu 2003 mradi wa Moors for the Future umekuwa ukirudisha uoto huo. Kwa hiyo ukikutana na tope, pita katikati yake. Kulikwepa kwa kuzunguka ndiko kunakoipanua njia kuwa barabara, na buti zako zimeshachafuka.

Mwezi huu mlima una wenyeji wa kutazama. Sungura wa mlimani, ambao huvaa manyoya meupe wakati wa baridi, mwezi Machi wanakuwa katikati ya kubadilisha: mgongo wa kahawia, miguu na tumbo bado meupe. Theluji ikiwa imeyeyuka, mweupe mmoja kwenye udongo mweusi unaonekana kutoka mbali. Anakaa kimya kabisa, masikio chini, akiamini haonekani. Unaweza kusikia sululu wakirudi kutoka pwani walikokaa majira ya baridi, na ndege wa jamii ya kwale akichomoka miguuni pako kwa kelele za kukushtua roho.

Rudi kusini hadi Edale Rocks, kisha shika njia ya kushoto, mashariki, inayofuata ukingo wa uwanda. Kanuni kwa saa nzima ijayo ni moja: bonde liwe mkono wako wa kulia. Utapita jiwe kubwa liitwalo Noe Stool, kisha Pym Chair, kisha unaingia katikati ya Wool Packs, mamia ya mawe ya mchanga yaliyochongwa na upepo, mvua na barafu, mengine yamelala kama viboko waliotoka mtoni. Mchanga wake uliletwa na mto mkubwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Kati ya mawe hayo njia inagawanyika mara nyingi na zote zinakutana tena mbele. Hapa ndipo pa kula chakula kikuu, upande wa mawe usio na upepo. Vaeni sweta la ziada kabla ya kukaa, na msikae zaidi ya dakika ishirini.

Ukungu ukiingia, kila mmoja amwone aliye mbele yake. Toa dira sasa, ukiwa bado unajua ulipo. Mtu aliyekwisha potea dira haimwambii yuko wapi. Sindano ya dira na kaskazini ya ramani kwa sasa zinatofautiana kidogo sana huku, hivyo huna hesabu ya kuongeza wala kupunguza. Soma mwelekeo, chagua jiwe unaloliona mbele, liendee, chagua jingine. Usishuke bondeni "kwa kukisia". Kingo zina maporomoko.

Baada ya Wool Packs na mwamba wa Crowden Tower unavuka kijito cha Crowden. Theluji ikiyeyuka kinajaa. Tafuta mahali papana na mawe makubwa, si pembamba penye maji ya kasi. Endelea kufuata ukingo hadi njia inayochepuka kulia kwenda Grindslow Knoll, kichuguu cha mita 601. Kutoka hapo bonde lote la Edale liko chini yako, na ng'ambo yake Mam Tor, mlima ambao umekuwa ukiporomoka kwa karne nyingi hadi barabara kuu iliyopita chini yake ikafungwa moja kwa moja mwaka 1979.

Hatua ya saba: kushuka

Grindslow Knoll ni mteremko mkali wa nyasi na mawe. Miguu imechoka, akili imeshafika kwenye treni, na ajali nyingi za milimani hutokea kipindi kama hiki. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, nenda mshazari. Fimbo za kutembelea zinasaidia sana hapa kuliko wakati wa kupanda. Njia inakurudisha malishoni, kisha karibu na Old Nags Head, na kutoka hapo ni barabara ileile hadi stesheni.

Mtu akiumia, piga 999 au 112, omba polisi, kisha sema unataka Mountain Rescue, waokoaji wa milimani. Taja mlima, jiwe au kijito cha karibu, na namba ya gridi ya ramani, yaani tarakimu za mistari ya ramani zinazoonyesha ulipo. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, na hulipi chochote. Kwa kuwa ujumbe mfupi hupita mahali ambapo simu inakatika, jisajili kabla ya safari kwa kutuma neno "register" kwenda 999. Bila simu, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiache kupuliza hata ukisikia majibu, ambayo huwa milio mitatu. Mgonjwa asikae kwenye udongo mtupu: mkalishe juu ya mkoba.

Stesheni badilisha soksi kabla ya treni kufika, na mtumie ujumbe yule uliyemwachia ratiba. Asipoupata ataita waokoaji, na watapanda gizani kukutafuta wewe uliye kwenye treni. Nyumbani osha buti kwa maji baridi, zijaze magazeti, zikauke mbali na hita, kwa sababu joto la hita hupasua ngozi na kubandua soli. Kabla ya kuoga kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano ukiwa umemshika karibu kabisa na ngozi, na kama katika wiki zinazofuata litatokea duara jekundu linalopanuka, nenda kwa daktari.